Mama Saada, Laini Imekatwa

Mama Saada,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini nisipokuamkia kwanza mkono wangu hauandiki. Ni mimi Velediana, Vere wako, uliyenikalisha kwenye kaunta yako pale Kasulu miaka tisa, nikipokea simu za watu.

Nina habari mbaya za duka. Ungekuwa hai ningekuja uani, nikavuta kigoda, nikazimwaga zote. Unisamehe mwandiko. Nimejaa kinyaa mpaka kalamu inateleza.

Nassoro mwanao alikata laini ya simu. Arobaini yako ilikuwa haijatimia. Wiki ya tatu baada ya mazishi alikuja na kompyuta mbili na modemu, akaniambia, "Dada Vere, mambo ya waya yamepitwa. Sasa watu watapiga kwa intaneti." Sikumbishia. Na nisikufiche, ni rahisi kweli. Simu za mkononi watu wanazo, lakini kupiga nje ya nchi ni kusema "wazima? watoto wazima? haya" na salio limekwisha. Kwa intaneti waliongea mpaka wakakosa la kusema. Mzee mmoja wa Heru Juu alimsimulia binti yake aliyeko Australia habari za ng'ombe mmoja nusu saa nzima. Nilifurahi. Kwa hiyo usidhani naichukia mitambo.

Lakini ile namba yetu, Mama. Watu wameiandika nyuma ya Biblia. Wengine walipanda ndege nayo kichwani tu, hawana karatasi. Nilimwomba Nassoro aiache japo miezi michache, wale wa mbali waambiwe. Akasema watajua wenyewe. Watajuaje?

Kisha akavunja kibanda cha mbao. Unakumbuka ulivyomsumbua fundi, mlango ufunge sawasawa, sauti isitoke? Na bado ulikuwa hutosheki. Mtu akiingia humo kupokea simu, ulijifunika mtandio ukatoka barazani, mvua inyeshe isinyeshe, na mimi ukanivuta mkono. Ulikuwa ukisema, "Maneno ya mtu ni nguo zake za ndani, Vere. Hayaanikwi barabarani." Mbao za kibanda kile Nassoro alizifanya benchi.

Mwanzoni kulikuwa na hedifoni. Zikafa sikio moja, kisha la pili. Badala ya kununua nyingine akaweka spika, sauti ikajaa duka zima. Wale wanaume wa kijiwe cha kahawa wakaanza kuingia mmoja mmoja, wanajifanya wanakimbia jua. Nassoro hakuwafukuza. Alileta friji ya soda. Hapo ndipo nilipoelewa lile benchi ni la nani. Watu waliwekewa kilio cha wenzao kama vile wanawekewa mpira, wakakaa, wakanywa. Walijua hata ratiba. Jumamosi walikuwa wakiniuliza, "Leo Yohana anapiga?"

Yohana ni yule mkulima wa Rungwe Mpya, mtu wa kwetu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka mmoja na wangu. Mke wake alipata safari ya wakimbizi ya Amerika pamoja na watoto, faili la Yohana likakwama, akabaki na mihogo yake. Kila Jumamosi alikuja amenyoa ndevu.

Jumamosi moja mtandao ulikuwa mbovu, sauti inafika imechelewa, maneno yanagongana njiani. Mke akasema, "Nimeolewa." Benchi lilisikia. Yohana hakusikia, au hakutaka. Akasema, "Sema tena, mama Deo, haisikiki." Mke akasema tena, sauti ikakatika katikati. "Haisikiki, mama Deo." Mara ya tatu yule mwanamke alipiga kelele, na mtandao ukawa safi kama maji. Mtu mmoja kwenye benchi akaigiza kwa sauti nyembamba, "Haisikiki." Wakaangua kicheko.

Na mimi nilicheka.

Sijui kwa nini. Kicheko kilinitoka tu, kama chafya. Yohana aligeuka, akawapita wote kwa macho, akasimama kwangu. Akasema, "Nawe, Vere?" Akavaa kofia yake akatoka.

Nilienda uani nikanawa uso mara mbili. Nilijisikia kama mtu aliyemeza kitu kilichooza, akakijua akiwa ameshakimeza. Ungedhani niliacha kazi siku hiyo. Sikuacha. Nilikaa wiki tatu nyingine, nikiwapa watu kiti na kuwawashia spika, najiambia nikiacha nitakula nini. Hilo nakuandikia ulijue.

Aliyenitoa ni mama Suzana. Binti yake alikuwa hospitali huko Kanada, mimba imemsumbua, na mkwewe aliahidi kupiga mchana. Nilikuwa nimenunua hedifoni sokoni asubuhi ile. Simu ilipoita nilichomoa waya wa spika, nikachomeka hedifoni, nikamvika mama Suzana juu ya kilemba chake. Benchi likanung'unika. Nassoro akasema kutoka kitini kwake, "Rudisha."

Nikasema, "Watoke kwanza."

"Hili duka la nani?"

"La mama yako."

Alinyanyuka, Mama. Mwanao uliyemzaa alinyanyuka, akamsogeza yule mama kwa kiwiko kama anasogeza gunia, akachomoa waya wa hedifoni, akarudisha spika. Duka zima likasikia neno la kwetu, "yapfuye." Kwamba mtoto mchanga amekufa. Mama Suzana alikuwa bado ameshika hedifoni masikioni kwa mikono miwili, waya unaning'inia, hauelekei popote. Benchi lilinyamaza, kwa hilo nisiwasingizie. Lakini mmoja alikuwa hajamaliza soda, akaendelea kuvuta kwa mrija, na mrija ukakoroma chini ya chupa. Mlio ule ninao mpaka leo. Nikila, nausikia.

Niliweka ule ufunguo wa duka ulionipa juu ya kaunta. Nikamshika mama Suzana mkono, tukatoka, nikamwambia "ihangane," yaani vumilia, njia nzima mpaka kwao, kwa sababu neno jingine sikuwa nalo.

Keshoye nilipanda bodaboda mpaka Rungwe Mpya. Yohana alikuwa shambani anang'oa mihogo. Nilimwambia nimekosa. Hakunikaribisha kukaa, na sikustahili. Alimaliza shina alilokuwa nalo, akafuta panga kwa majani, akasema, "Nimekusikia." Kisha akashika shina jingine. Mpaka sasa sijui kama huo ni msamaha.

Hivi sasa niko Kibondo kwa dada yangu. Mshonaji mmoja amenipangisha chumba cha nyuma. Nina kompyuta moja kuukuu, modemu na hedifoni mbili. Mvua ikianza mtandao unapotea na watu wanasubiri, hawagombi. Biashara ni ndogo. Inanilisha.

Juzi Saada wako alinipata, kutoka Maskati. Namba alipewa na jirani yenu. Aliniambia tangu uzikwe hajawahi kumuuliza Nassoro jinsi ulivyoondoka. Alipompigia dukani alisikia wanaume wakicheka nyuma ya sauti ya kaka yake, akaishia kuuliza kuhusu hitma, akakata. Kwa hiyo nikamweleza mimi. Kwamba uliomba maji, ukanywa kidogo. Kwamba ulimtaja kwa jina, kisha ukauliza kama duka limefungwa, nikakudanganya kuwa limefungwa, ili upumzike. Alilia sana. Sikumharakisha. Akanituma nikusalimie kaburini nikifika Kasulu, na nitafika mvua zikipungua. Alisema na mengine. Hayo siyaandiki hapa, hata kwako. Akikuombea dua utayapata kwake mwenyewe.

Mungu akulaze pema, mama yangu wa kaunta. Kwetu tunaomba kwa njia yetu, nanyi kwa yenu, naamini zote zinafika. Nakuahidi hivi: nikikutana na Nassoro njiani nitamsalimia, kwa kuwa ni mwanao. Zaidi ya salamu usiniombe.

Wako,
Velediana