Firigisi ya Bwana Boma

Jumatano, 19 Desemba 1956

Mvula tena. Nimeanika samaki, nimewaingiza, nimewaanika, nimewaingiza. Nyumba nzima inanuka chisense, hawa dagaa wetu. Bwana Boma amekula mahindi yake na ya kuku, na bado ananifokea. Huyu bata muzinga! Nilipewa angali kifaranga na Mugreki wa Kasenga, mununuzi wa samaki niliyempikia mpaka bwana yangu Petelo alipoacha kazi ya mashua yake tukarudi Nchelenge. Watoto wa jirani ndio walimwita Bwana Boma. Kifua mbele, shingo nyekundu, anatembea sawa na yule muzungu wa serikali akikagua vyoo.

Atachinjwa Noeli. Nina furaha mpaka mikono inaniwasha.

Sababu ni Agnesi, binti yangu wa pekee. Tumbo limeshuka. Mutoto anakuja mwaka mupya, na mimi siwezi kukanyaga mu nyumba yake kule Kashikishi. Mukwe ambaye hajaingizwa hali chakula mbele ya mama ya muke wake. Hasemi naye. Hamtazami. Daudi akiniona njiani anaruka mu mihogo. Mvuvi mukubwa vile! Itakuwa hivyo mpaka tumpelekee chakula cha kumwingiza, naye akile. Akikataa, mulango unabaki umefungwa, na binti yangu atazaa mikononi mwa wengine. Sitaki. Sitaki kabisa.

Ijumaa, 21 Desemba

Bana Musonda, dada ya Petelo, amekuja kusimamia. Desturi zote ziko mu kichwa chake, na anapenda tujue. Anataka kuku, kama watu wote. Nikamwambia kuku Daudi amekula tangu aote meno. Mimi nitampa bata muzinga na muchuzi muzito, ule wa kwa Mugreki. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Tunaingiza mukwe ao tunaingiza muzungu?"

Nimekasirika. Nilimenya vitunguu kwa nguvu hata Petelo akatoka nje.

Mwisho amekubali. Ila ndege afike muzima, asipungue kitu. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Jumapili, 23 Desemba

Padri alisema juu ya hori la ng'ombe. Sikusikia mengi. Nilikuwa nawaza unga. Ule wa ngano umefika kwa mashua, umelowa pembeni. Nimeuanika juu ya kitambaa, nimeuchekecha, uko safi.

Watu huku wakichoma nyama wanaosha chungu na kumwaga. Dhambi! Ile nyeusi-nyeusi iliyogandia chini ndiyo muchuzi wenyewe. Unakwangua na mafuta yake, unakaanga unga humo mpaka uwe rangi ya kichuguu, kisha supu kidogo kidogo, mukono usisimame. Ukisimama, madonge. Jana nimeota madonge.

Agnesi alikaa mbele kanisani. Miguu imevimba. Tulisalimiana haraka kwa sababu Daudi alikuwa anamungoja nje, ameupa ukuta uso wake. Masikini. Shingo itamuuma.

Jumatatu, 24 Desemba

Bwana Boma amekwenda. Nililia kidogo, nikanyonyoa. Shingo, maini na firigisi nimechemsha na kitunguu. Hiyo ndiyo supu ya kesho. Harufu! Majirani wote wamekumbuka leo kwamba hawajanisalimu.

Makaa makavu yako chini ya kitanda. Petelo analalamika. Alale nayo.

Jumanne, 25 Desemba. Noeli

Makaa chini ya chungu cha chuma, makaa juu ya kifuniko. Amechomeka vizuri, ngozi inalia ukiigusa. Na muchuzi! Muzito, unang'aa, donge hata moja hakuna. Nimekatakata firigisi na maini ndogo ndogo, nimetia ndani, vile Madamu ya Mugreki alinifundisha. Nimeonja. Nimeonja tena. Nimecheza peke yangu mu jiko.

Baadaye.

Mawe! Mama yangu wee! Bana Musonda amefunua chungu, amemgeuza ndege, amemgeuza tena.

"Firigisi iko wapi?"

Firigisi ni ya bwana. Ndege ya mukwe bila firigisi juu ni tusi, ni kumwambia mwanaume yuko mwingine, na amekwisha kula. Kila mwanamuke hapa anajua. Mimi najua! Petelo sijawahi kumunyima yake hata siku moja. Lakini leo mwili ulikuwa Nchelenge, akili ilikuwa Kasenga kwa Madamu.

Halafu akaniuliza kama nimeonja. Mupishi gani haonji? Akaketi chini. Kumbe mama mukwe amekula firigisi ya mukwe wake.

Petelo anasema tuchinje kuku haraka, tuweke firigisi yake juu. Ya kuku, juu ya Bwana Boma! Hata kipofu atajua. Na siwezi kuingia nyumba ya mwanangu kwa uongo. Nimemwambia Bana Musonda aseme yote mbele ya Daudi, mpaka kijiko nilichoonjea. Amenitazama sana. Halafu amekubali.

Tunaondoka sasa.

Jioni.

Tulikwenda na vyungu kichwani, wanawake wakiimba. Mimi sikuimba. Nilibaki nyuma ya uzio wa matete, kama inavyotakiwa. Nikasikia Bana Musonda akipiga magoti, akisema yote. Kuonja mara ya pili pia hakukuacha.

Mujomba wake Daudi akakohoa. Akasema chakula kirudi kilikotoka. Nilishika matete kwa mikono miwili.

Kisha kicheko. Cha Daudi! Sikujua anacheka namna hiyo, cha tumbo.

"Kirudi wapi? Mimi na mama tumekwisha kula chungu kimoja. Anajificha nini tena?" Halafu kwa sauti kubwa: "Mama! Ingia. Muchuzi unapoa."

Mama. Neno lake la kwanza kwangu tangu harusi. Niliingia nimefunika mudomo na kitambaa, Agnesi analia, Bana Musonda anapiga vigelegele kama wazo lilikuwa lake. Daudi alikula mbele ya macho yangu. Alipangusa bakuli na tonge la bukari, ugali wetu, mpaka likawa safi. Mujomba akaomba muchuzi. Haukuwapo.

Nina furaha! Siwezi kuandika vizuri.

Jumamosi, 5 Januari 1957. Kashikishi

Mutoto wa kike. Amezaliwa alfajiri, mikononi mwangu. Ana nywele nyingi. Agnesi amelala.

Mvula imekatika. Nje wanavuta nyavu.

Daudi amechinja kuku kwa ajili ya muzazi na amempika mwenyewe, mwanaume wa watu. Akaniletea sahani kwa mikono miwili. Firigisi ilikuwa juu. Ameikata nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye sahani yake.

Tulikula, mutoto magotini pangu. Ilikosa chumvi. Sikusema.