Antene ya Makartoni

Lubumbashi, Annexe, mwezi wa sita

Yaya Laurentine wangu,

Kwa heshima zote ninakutangazia, wewe na ukoo mzima wa Sakania, kwamba jogoo yangu amehama. Ameacha kiwanja alimozaliwa, sasa anaishi kwa jirani Kunda, na kila asubuhi anawika juu ya ukuta akinitazama sawa vile mimi njo nilimukosea. Kiisha tangazo hilo, nakusalimia. Mugongo inaendelea namna gani? Batoto ya mudogo wetu Alexis bangali banakohoa? Sisi tuko, kwa neema ya Mungu. Baridi tu njo inatuuma.

Najua swali yako ya kwanza. Ulinituma nimuambie Syntiche aachane na mambo yake ya nyota na mbingu, aje kusaidia Sakania, ku agence, ofisi ya shemeji Nono ya mizigo ya mupakani, kwa kazi ile anamuwekea mpaka mwezi uishe. Ulitaka nimuambie mbele ya bukari, ugali ikiwa mezani, mikono ikiisha kunawa, kwa sababu kwetu neno ya mjomba ikitoka pale haijibiwi. Nitafika huko, Yaya. Nipe njia.

Aliyemufukuza jogoo ni huyo Syntiche, mutoto yako. Pale kulikuwa nyumba ya kuku amesimamisha antene. Usiwaze chuma na mashine za Bazungu: ni makartoni ya mafuta ya kupika, ameyakata, ameyabandika, na ndani ameyavika karatasi ya aluminium ile tunafungia samaki. Inafanana na tarumbeta ya jitu. Nilimuuliza kama tungojee giza. Akacheka, akasema gazi iliyo kati ya nyota inatoa mawimbi yake ya radio kidogo-kidogo muchana sawa usiku, hata mawingu ikifunga, na antene inaichota.

Mimi muuza simenti nikataka kuona. Nikaingiza kichwa ndani ya mudomo ya antene. Ku ordinateur, kompyuta yake iliyofungwa ku antene, mustari ikapanda, ikapanda. Nikajua nimevumbua galaksi, nikaanza kuitafutia jina. Akanieleza polepole, sawa vile banasemaka na mugonjwa, kwamba ile ilikuwa joto ya mwili yangu tu, na nikipenda kutoka, mbingu ingependa kupita. Tangu pale ananiita Galaksi Paulin, hata mbele ya padri.

Lakini nilitoka, na nikaona. Aliielekeza antene pembeni, mustari ikalala. Akaigeuza tena, na pale katikati kikainuka kilima kidogo, chembamba, kimetulia. Akasema huo ni mukono wa galaksi yetu, na namna kile kilima kinasogea, anajua gazi inakimbia mbio gani. Akasema galaksi zingine pia zinazunguka, na kandokando zinakimbia kupita vile ingepaswa, sawa kuna uzito ndani yake ambao hakuna muntu ameuona. Uzito huo njo anatafuta. Mutoto tuliyemubeba mugongoni, Yaya, anaingia hesabu hiyo na makartoni ya mafuta. Nilikaa juu ya ndoo, nikamusikiliza mpaka mwisho. Unanijua, ni mara ya kwanza tangu ubatizo.

Sasa tufike. Ku telefoni nilikuambia nimesema naye, na mambo haikuendeka. Kusema, nilisema. Ila namna ilipita ni hii.

Jumapili, kutoka misa, tulinawa, bukari ikawekwa. Mbele nifungue kinywa, Syntiche akasema yeye mwenyewe ameisha kuwaza: wewe Yaya huwezi tena kubeba mizigo ya soko na ule mugongo, atakuja kwako. Akasema kesho yake atabomoa antene, kuku barudie mahali yabo. Hakulia. Alikuwa akitazama sahani. Mimi nilibakiza kumega tonge na kusema vema, na ungekuwa naye leo.

Nikasema hapana. Nikasema, mimi mjomba yake, ninamukataza kwenda, abaki amalize kazi yake ya antene. Aliinua macho kutoka sahani. Kisha akainamisha kichwa, kwa sababu neno ile haijibiwi. Wewe mwenyewe njo ulimufundisha.

Kwa hiyo usimupigie yeye na hasira. Mutoto alikubali kukutii mbele hata ya kuombwa. Aliyekukatalia ni mimi, na nikiulizwa tena, nitakataa tena.

Syntiche anakusalimia, hajui nimekuandikia haya. Pokea salamu ya nyumba yote, na umushikie Alexis mukono kwa niaba yangu. Mungu akulinde, hata ukiwa umenikasirikia.

Mudogo yako,
Paulin