Daraja Lililosimama Wima

Alhamisi, 12 Aprili 1945

Nimeinua daraja na kuliacha limesimama. Amri. Sajini wa Kijerumani, kijana wa kikohozi, alinielekezea bastola mbavuni huku nikizungusha hendeli. Halafu akaichomoa hendeli na kuitupa mferejini. Chubwi! Miaka ishirini na miwili nimeipaka grisi kuliko nilivyowahi kumpaka mtoto mafuta.

Jurrien, jirani yetu mwoka mikate, alichungulia dirishani. "Bwana Daraja! Sasa una mlango mrefu kuliko wa kanisa, na hakuna wa kuingia!"

Nilicheka. Sikupaswa kucheka. Hiltje yuko ng'ambo! Binti yetu alivuka asubuhi na mtoto kwenda kwa mama mkwe wake — na nani aliyemfungia njia ya kurudi? Mimi na tumbo langu, tukihema.

Trientje, mke wangu, amenipa supu ya njegere bila kunitazama. "Baba Hiltje, hukuweza hata kujifanya mgonjwa?"

Sikufikiria. Ukiniambia inua, nainua. Ndivyo nilivyo.

Ijumaa, 13 Aprili

Mizinga tangu alfajiri, upande wa kusini. Wakanada, watu wananong'ona. Wajerumani wa upande wetu wamevuka kwa boti. Rashasha yao iko ghorofani, juu ya duka la tumbaku, ng'ambo.

Mchana Hiltje akatokea ukingoni kwake. Mtoto analia. Maziwa yameisha!

Nilichukua ufito wangu wenye kiatu cha mti kwenye kamba — huu ninaowanyooshea wenye mashua waweke ushuru wakipita. Nikatia chupa ya maziwa ndani ya kiatu, nikanyoosha. Mfupi! Trientje akaufungia mti wake wa kuanikia nguo. Tukanyoosha tena, mimi nimelala kifudifudi, yeye kanikalia miguu. Askari mmoja mzee wa Kijerumani akakidaka kiatu, akanusa chupa, akapiga funda — mwizi! — ndipo akampa Hiltje.

"Baba, wameweka mapipa ya petroli mtaani huku!" akapaza sauti.

Yule yule mzee akampiga kitako cha bunduki begani. Hiltje akapiga goti, huku kamkumbatia mtoto. Nilitukana matusi ambayo Trientje hakujua kwamba nayajua.

Jumamosi, 14 Aprili

Wakanada wamefika mtaani. Nyumba tatu za upande wetu hazina paa. Mbele ya kinyozi amelala kijana wa Kijerumani, nusu tu. Nusu nyingine sikuitafuta.

Afisa wa Kikanada alikuja na mkalimani. Je, daraja linashuka? Linashuka, nikasema, ila hendeli iko majini.

"Na ile ya zamani," Trientje akasema, "unayozuilia mlango wa banda la kuku?"

Niliisahau kabisa! Afisa alipotafsiriwa maneno hayo, akacheka mpaka akashika ukuta. Tutashusha kesho alfajiri, kimyakimya. Jurrien amejitolea kushika upande wa pili wa hendeli. "Huyu akiachiwa peke yake," akamwambia mkalimani, "tutafika Krismasi."

Jumapili, 15 Aprili

Jurrien amekufa. Nimemuua mimi.

Niandike vizuri, maana sitaweza kusema.

Ukungu ulikuwa mzito. Tulitambaa, mimi, Jurrien, askari wawili wa Kikanada. Hendeli ikaingia tundu lake bila sauti. Na kabla ya kuzungusha mkono wangu ukapanda wenyewe, ukashika kamba, ukapiga kengele ya daraja. Mara tatu. Kama kila siku ya kazi yangu — kengele kwanza, daraja baadaye, watu wasibanwe!

Jurrien alinitazama tu. Sidhani alikasirika. Alionekana kama mtu anayetaka kucheka.

Rashasha ikafyatuka. Ikampata shingoni. Damu yake ilinirukia mdomoni, ya moto. Askari mmoja akaanguka mferejini na hakuibuka. Yule mwingine na mimi tukazungusha, sijui kwa nini, tukazungusha, mpaka risasi ikavunja jino la gurudumu. Daraja limekwama nusu njia.

Kengele nayo imekatwa na risasi, iko chini majini. Laiti ingekatwa juzi.

Eelkje, mke wa Jurrien, aliuliza nani aliyeipiga. Trientje akafungua mdomo. Nikamtangulia: "Mimi, mama." Akaenda kumwosha mumewe.

Jumatatu, 16 Aprili

Naandika nyuma ya daftari la mashua, nimechuchumaa chini ya gurudumu. Mafundi wa Kikanada wamelitengeneza. Afisa amesema dakika tano, kifaru kinakaa sawa kilipige duka la tumbaku, ndipo tushushe.

Mapipa yamewashwa. Mtaa wa mama mkwe wa Hiltje wote unawaka, mpaka huku nywele za mkono zinanuka kuungua. Watu wamekimbilia majini — na pa kusimama ni mahali pamoja tu, kitako cha daraja cha upande ule. Mia, labda zaidi, wamebanana. Pale pale linapotua. Tani kumi na moja.

Hiltje yuko mbele kabisa. Nimemwona. Amemfunika mtoto uso kwa sketi. Ananipungia mkono — njoo, njoo! Anadhani nikishusha ndio wokovu. Nimepiga kelele rudini nyuma, rudini hatua sita! Sauti haifiki. Na nyuma hatua sita ni moto.

Kifaru kimepiga. Ghorofa ya duka imeanguka barabarani na watu waliomo ndani. Rashasha kimya. Afisa anapunga bendera: sasa!

Trientje alitaka kushika upande wa pili. Eelkje amemsogeza. Amekuja na aproni ya Jurrien, amekunja mikono mpaka kwenye viwiko, hajaniamkia. Ameshika hendeli kama anavyoshika unga.

"Ni yupi wako?" ameniuliza.

Nimemwonyesha.

Ameangalia. Ameangalia juu, kwenye daraja, na tena chini.

"Basi sema wewe, Derk," anasema. "Nizungushe?"