Kipande cha Nathanieli

Kigera, Musoma
Mwishoni mwa Septemba

Mdogo wangu Nathanieli,

Nakusalimu, na natumaini barua hii inakukuta mzima, kazi inakwenda, na joto la Mtwara umeshalizoea. Huku tupo. Mama ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo sasa linamzuia kushuka kisimani, hivyo anachotewa maji na watoto wa jirani. Bado hataki kuhama Butiama aje kukaa nami mjini. Anasema Kigera nyumba zimebanana mno, ukikohoa tu jirani anakupa pole. Mimi naendelea na gazeti. Wiki iliyopita niliandika habari ya bei ya sato pale mwaloni, mhariri akaikata katikati, ikatoka kama kwamba wavuvi ndio wanaofurahia. Nimeshazoea.

Kofia ngumu ulizotuma kwa ajili ya waendesha baiskeli zilifika zote bila ufa. Clementi amezigawa.

Kila ukipiga simu unaniuliza habari za njia ya kilima cha Kyamarwa, na kila mara nakujibu kwa maneno mafupi kisha nahamia kwenye goti la Mama. Leo nakujibu kwa kirefu. Nakuomba usome kwa mpangilio huu nilioandika, usiruke kwenda mwisho.

Njia ya baiskeli bado ipo na inapitika, isipokuwa mahali pamoja nitakapopafikia. Wanaojitolea wamepungua. Wa Bunda amebaki Dorkas peke yake, anakuja na baiskeli yake ile ya breki mbovu. Wa Musoma ni mimi na wachache wengine, na mimi, unavyojua, huwa nashika kalamu zaidi ya jembe. Wengi ni wa Butiama penyewe, chini ya Clementi, ambaye bado ndiye mwenyekiti na bado anavaa jezi yake ya njano hata siku ya kuchimba. Kazi ni Jumapili mchana kama ulivyoiacha, kwa kuwa Wasabato hawawezi Jumamosi na sisi hatuwezi kabla ya misa. Dorkas hufika mapema na sururu begani, na tukitokea kanisani huwa na maneno: anatuuliza kama padri leo ametuongezea nguvu au ametuongezea usingizi tu. Mwalimu Keraryo, ambaye tangu astaafu haijampita Jumapili hata moja, humjibu kwamba yeye jana alilala kutwa nzima akamsingizia Mungu. Watu wanacheka, kisha kila mtu anakwenda kwenye kipande chake.

Desturi ya vipande ni yako. Unakumbuka jinsi Clementi na Keraryo walivyokaribia kupigana kwa ajili ya kona moja, huyu akiinyanyua Jumapili hii, yule akiishusha Jumapili inayofuata. Ukasema kila mtu achukue kipande chake, kutoka jiwe hadi jiwe, akichimbe na kukitunza, na mwingine asikiguse mpaka mwenyewe aseme. Ulikuwa uamuzi mzuri na ugomvi uliisha siku ileile. Lakini watu wetu ukiwawekea mpaka, wanauheshimu kama mpaka wa shamba. Ulipohamia Mtwara kipande chako kilibaki chako. Nyasi ziliota mpaka magotini, na waliopita walizipinda kwa mguu, hawakuzikata.

Kipande hicho ndicho kigumu kuliko vyote, pale mteremko unapokatika chini ya mawe makubwa, ulipopanga ule ukuta wa mawe kushikilia udongo wa njia. Ulikuwa ukuta mzuri kuutazama. Niliuandika gazetini na picha yako umeuegemea. Uliujenga kiangazi, na hukuuachia matundu ya kutosha ya kutolea maji. Masika ya mwaka huu yalikuwa mazito. Maji yaliingia nyuma ya mawe yakakosa pa kutokea, udongo ukavimba, na ukuta ukaanza kutoa tumbo. Halikuwa jambo la kuhitaji fundi; kila aliyepita aliliona. Dorkas alisema ukuta wa Nathanieli una mimba, tumsubiri baba mtoto aje. Tulicheka, na mimi nilicheka. Hakuna aliyeondoa jiwe.

Chini kidogo ya ukuta huo njia inajikunja kurudi, na hapo ndipo kilipoanzia kipande cha Mniko. Kila mvua iliponyesha tope lako liliteremka kwake. Alilizoa kwa toroli na kuzibua mfereji wake upya, wiki hadi wiki. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwaga anasema tu kwamba akizaliwa mara ya pili atamwomba Nathanieli kipande cha juu.

Sasa nakuambia jambo ambalo hukuambiwa. Mniko hakufa kwa ajali ya pikipiki. Hakukuwa na pikipiki, wala lori, wala barabara ya lami. Ukuta wako ulimwangukia.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, watu wengi hawakuja. Mniko alikuwa ameinama chini ya ukuta akizibua mfereji. Keraryo alikuwa juu, kwenye kipande chake mwenyewe, na anasema alisikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto. Alipofika aliona toroli, hakumwona mtu. Waliyaondoa mawe kwa mikono. Mimi nilikutana nao wakimteremsha wamembeba kwenye turubai. Alikuwa akiongea. Aliomba avuliwe buti, na aliuliza kama baiskeli yake imepona, nami nikamwambia imepona, maana kweli ilikuwa imeegemezwa mbali. Alikata roho kabla gari halijafika lami.

Jioni ile tulikaa jikoni kwa Mama. Mama alisema kijana aliye peke yake kwenye chumba cha kupanga, mbali na kwao, haambiwi jambo la namna hii kwa simu. Akasema aambiwe ni pikipiki, na ukweli ataupata akija nyumbani, akiwa kati ya watu. Clementi alikubali. Tulikwenda kumuuliza Nyamburi, mke wa Mniko, aliyekuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, naye akasema tufanye tunavyoona. Mimi, ambaye kazi yangu ni kueleza kilichotokea, nilitoka nje nikakupigia nikakwambia pikipiki.

Ukatuma rambirambi zako, nami nikazisoma makaburini kama ulivyoomba. Uliandika kwamba mtu aliyejua kila jiwe la Kyamarwa ameuawa na lami. Nilipofika hapo watu wote waliinamisha vichwa. Maneno hayohayo uliyaweka kwenye grupu la mliosoma pamoja, yakasambaa kuliko tulivyotarajia. Binti mkubwa wa Mniko anayesoma Bunda aliulizwa na wenzake kama baba yake alikuwa amelewa. Hakujua ajibu nini, maana nyumbani alikuwa ameambiwa habari moja na kwenye simu za wenzake aliisoma nyingine.

Hilo lingekuwa limetosha. Lakini ukuta ulianguka nusu tu. Nusu ya pili ilibaki imesimama na tumbo lake. Hakuna aliyekuwa tayari kuigusa bila neno lako, na neno lako lisingeweza kuombwa, kwa sababu kukuomba ruhusa kungelazimu kukueleza kwa nini tunaiomba. Tulikaa hivyo kiangazi chote. Tuliziba njia kwa matawi ya miiba, lakini wanawake wanaopeleka mihogo gulioni wameizoea kwa sababu ni laini na haina mawe, wakawa wanayasogeza pembeni na kupita. Dorkas ndiye aliyesema wazi kwamba tubomoe. Clementi akamjibu kwamba mwenye kipande hajasema. Dorkas akamuuliza mtu anayedanganywa atasema vipi, na kama anangoja mawe yamchague mwingine. Clementi alikasirika, akasema yeye si wa kuvunja utaratibu aliouacha mwenzake akiwa hayupo, hasa utaratibu uliomaliza ugomvi wake yeye. Jumapili ile hatukufanya kazi yoyote. Kila mtu alirudi kwake.

Mwezi huu mawingu yameanza kufunga upande wa ziwa. Vuli ikikuta nusu ile imesimama, itashuka, na sikuona sababu ya kuamini kwamba chini hapatakuwa na mtu.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele yao nikasema umeruhusu. Nilisema nimekueleza yote kwa simu, tangu mwanzo hadi mwisho, nawe ukasema ukuta wote ushushwe na asisubiriwe mtu. Hakuna neno la kweli hapo. Nimekaa na kalamu mbele ya watu wengi wanaodanganya, na nilidhani huwa ni kazi ngumu. Si kazi ngumu.

Clementi aliniomba nirudie. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama kweli umesema hivyo, dada. Nikarudia. Alivua jezi yake akaikunja akaiweka juu ya jiwe, akapanda. Walianza juu. Keraryo alishika mtaimbo, wengine wakapokezana mawe kwa mikono, wakayapanga upande wa pili kama unavyopanga vitu vya mtu. Walipofika katikati, maji ya masika yalitoka nyuma ya mawe, machafu na yenye harufu, baada ya miezi yote hiyo ya jua. Dorkas hakusema neno la utani mchana kutwa. Tulipoondoka palibaki mteremko wa udongo mwekundu tu. Njia itapita juu zaidi, nyuma ya mawe makubwa.

Tangu siku hiyo watu wamepata ahueni. Wanaamini unajua, na wanaamini umelipokea. Clementi amekuwa akikusifu hadharani, na mimi nikiwa nimekaa hapohapo. Keraryo anataka kukupigia simu akupe pole, maana anasema amekaa miezi na jambo hilo kifuani. Nilimwambia angoje mpaka Jumapili ijayo, kwamba umeomba kukaa kimya kwanza. Huo ni uongo wa pili. Ndiyo maana barua haikupita posta wala sikukueleza kwa simu. Alfonsi, mtoto wa Mama Mdogo, alipata mzigo wa kuleta huko na lori. Nimempa mkononi, na nimemwomba asitoke chumbani kwako mpaka umalize kusoma. Hajui kilichoandikwa. Mpe chai.

Sikuombi unitunzie uongo wangu. Keraryo akipiga, unaweza kumwambia hukutoa ruhusa yoyote na hukujua lolote mpaka leo. Hapo nitakuwa nimekwisha mbele ya watu wa Kyamarwa, na hilo nitalibeba. Au unaweza kupokea pole na kunyamaza. Nilichotaka ni usikie kwangu kabla ya kusikia kwake. Kuhusu Mama, nitamwambia mwenyewe.

Limebaki moja, na hili sikulisema mbele ya mtu.

Siku ya kubomoa Nyamburi alikuja. Alisimama chini, mbali na mawe, amejifunga kanga kiunoni, hakuomba kusaidia wala hakuna aliyemwambia aondoke. Tulipomaliza aliteremka na mimi. Njiani aliniambia kwamba mwezi wa nne, wakiwa wanakula, Mniko alikupigia. Mikono ilikuwa na ugali, hivyo simu ilikuwa juu ya meza na sauti imefunguliwa. Alikuomba akupunguzie mawe ya juu tu, yale yaliyotoa tumbo, ili mzigo upungue mpaka uje. Nyamburi anasema ulicheka, ukamwambia asiguse ukuta wako, utakuja Desemba mfanye wote. Mniko alikata simu akasema, basi, mwenyewe amesema. Akaendelea kula.

Hajamwambia mtu. Hata jioni ile tulipomuuliza mkekani alikuwa analijua na hakulitoa. Nilimuuliza kwa nini ananiambia sasa, akasema kwa sababu nimesimama pale nikasema umeruhusu, na yeye ndiye pekee aliyewahi kukusikia ukijibu. Kwa hiyo alijua nadanganya tangu neno la kwanza, akaniacha. Hakukulaumu. Aliniuliza swali moja, kama unaikumbuka simu hiyo. Nilimwambia sijui.

Nimeandika mengi na taa ya huku imeanza kupepesa, hivyo nafunga hapa. Ule vizuri, na ukiweza kupata likizo usingoje Desemba. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba nimekuandikia. Clementi na Keraryo wanakusalimu sana. Dorkas anasema ukija uje na breki mpya za baiskeli. Nyamburi hakutuma salamu.

Ni mimi dada yako,
Marcelina