Le ya Chini, La ya Juu

Mwalimu Asajile,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba, lakini wewe ndiye uliyezoea kunirudisha mlangoni nikiingia mazoezini bila salamu, kwa hiyo nasalimia kwanza. Hasira zitafuata.

Ndiyo, nina hasira. Miezi minane imepita tangu tukuzike pale nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na katika miezi hiyo nimemshuku kila mtu aliyewahi kukaa karibu na wewe. Nimekuwa mtu mbaya. Nasalimiana na watu huku nawatazama mikono. Niliwashuku waimbaji wa besi, nikamshuku mzee wa kanisa, nikamshuku hata mpwa wako anayeishi Lupepo aliyekuja kwenye msiba na begi kubwa kupita kiasi. Leo nakuandikia kukwambia niliyemkosea kuliko wote, na jambo ambalo nimelinyamazia mimi mwenyewe.

Nianze na daftari. Lile kubwa la jalada la kijani, ulilolivika plastiki ya mfuko wa mbolea ili mvua isilipate. Nyimbo zote ulizoitungia kwaya yetu ya Masukulu zilikuwa mle, kwa penseli, kwa herufi za do, re, mi. Siku ya tatu ya msiba tulifungua sanduku lako la bati ili tukuimbie kutoka humo. Tulikuta koti lako la mvua, miwani yenye mkono mmoja na vipande vya chaki. Daftari halikuwemo. Mama Ipyana, mkeo, alitazama chini. Mimi nikamtazama Lusajo.

Unajua kwa nini Lusajo. Ndiye aliyekushika mkono mguu wako ulipoanza kusumbua, ndiye aliyejitolea kupanga vitu vyako, na turubai la msiba lilikuwa halijashushwa alipochaguliwa kuwa mwalimu wa kwaya badala yako. Mazoezi unayoyajua wewe siku hizi hayapo. Lusajo ana kinanda chenye ngoma zake humohumo ndani, na kila sauti anairekodi kwenye simu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Sauti ya pili wanajifunza wimbo huku wanachuma chai. Hakuna anayesoma herufi tena. Nikajiambia, mtu asiyezitaka herufi ndiye anayejua daftari lilipo.

Nilirudi chuoni na shaka hiyo. Niko mwaka wa pili, nasomea ualimu wa muziki kama ulivyotaka. Darasani tuko kumi na wanane, wengi wamekua na kinanda sebuleni. Siku moja mhadhiri wetu, mama mmoja mpole anayening'iniza miwani shingoni, aligawa karatasi. Juu iliandikwa: Wimbo wa kale wa kuombea mvua, Rungwe. Chini yake kulikuwa na nota za mistari mitano na maneno ya Kinyakyusa. Akasema sisi tutakaofundisha watoto tuwafundishe kwa nyimbo za kwao. Mpaka hapo nilikuwa naye kabisa. Tukaimba nota kwanza, bila maneno. Mstari wa kwanza ulienda vizuri, halafu pale unapotakiwa kushuka ukaruka juu ghafla, ukashuka, ukaruka tena. Watu wakacheka. Mhadhiri akasema tusicheke, hiyo ndiyo tabia ya muziki wa Wanyakyusa, wanapenda miruko mipana. Wenzangu wakaandika. Na mimi, Mwalimu, niliandika.

Kisha nikayasoma maneno. Ulikuwa Wimbo wa Jino.

Wa kale wapi! Nilikuwa darasa la sita ulipoutunga, shavu limekuvimba, mvua imekufungia njia ya kwenda zahanati kung'oa jino, na ndiyo maana tuliuita hivyo. Na kuombea mvua? Sisi wa Tukuyu, tunaokaushia mahindi juu ya moshi wa jikoni, tuombe mvua ya nini? Maneno yake yanaisihi mvua ipumzike japo nusu saa, mtu avuke.

Ile miruko nayo nikaielewa palepale. Ulimi wako haukuwa na r, kama wa bibi yangu na wazee wengi wa kwetu. Ulituimbisha do, le, mi. Na kwa kuwa uliandika kama ulivyotamka, le uliiandikia l, na la nayo ukaiandikia l. Sisi hatukupotea hata siku moja, kwa sababu ukiitaka le ulilaza kiganja tumboni, na ukiitaka la ulikipandisha mpaka kwenye paji la uso. Nilipofika kidato cha pili nikajitia ujuaji, nikakwambia, Mwalimu, hii ya chini ni re. Ukanijibu bila hata kugeuka: "Ndiyo hiyohiyo, le. Le ya chini, la ya juu. Masikio yako umemwachia nani?"

Basi aliyeandika karatasi ile hakuwahi kumsikia mtu yeyote akiuimba wimbo. Alisoma daftari, akakuta l, akaweka la kila mahali. Kwa hiyo daftari lilikuwa chuoni. Nani alilifikisha huko?

Hapa ndipo panaponipa taabu kuandika. Ningeweza kunyoosha mkono siku ile. Mkono ulifika begani ukarudi. Kusema wimbo ni wako kungenilazimu nieleze kwa nini kuna l mbili, na nyuma yangu walikaa wale wanaoniomba kila wiki nitamke "barabara" ili wacheke. Niliwaona tayari wakikucheka wewe. Nikanyamaza. Kwenye jaribio lililofuata swali likaja: taja sifa moja ya muziki wa Rungwe. Niliandika miruko mipana, nikapewa vyema.

Nilikuuza, Mwalimu, kwa vyema moja. Na kwa kuwa sikutaka kulitazama hilo, nikazidi kumtazama Lusajo. Nilikumbuka aliwahi kusafiri kwenda mji wa chuo chetu bila kusema anafuata nini. Nilikumbuka alivyobadilisha mazungumzo kila nilipotaja sanduku. Kila kitu chake kikawa ushahidi, hata upole wake.

Mwezi uliopita nimekuja Tukuyu kwa mazoezi ya kufundisha, katika sekondari moja hapa mjini. Jumamosi ya kwanza nilikwenda Masukulu, nikaingia kanisani wakati wa mazoezi, na nikamuuliza Lusajo mbele ya kwaya nzima daftari la Mwalimu amempelekea nani. Nikamwita mwizi. Sauti ya kwanza wote walitazama madirisha. Lusajo aliuzungusha waya wa kinanda mkononi taratibu mpaka ukaisha, akaniita kwa jina langu, "Tumpe, mimi nilikatazwa. Nenda kwa mama." Nikaona huo nao ni ujanja.

Nilimkuta Mama Ipyana anamenya ndizi za mbalaga. Hakushtuka. Alinisogezea kigoda na kisu nimsaidie, na tulipofika nusu ya beseni akasema, "Gwe mwana, lile daftali alilipeleka mwenyewe."

Wewe mwenyewe! Akanieleza yote, polepole. Ile wiki niliporudi kutoka kwenye usaili wa chuo, nimeimba vizuri lakini nimewekewa nota za mistari mitano nikazikodolea macho, wewe uliniambia nisubiri kwa amani. Kumbe amani hukuwa nayo. Ulimwambia mkeo, "Watasema hajui kitu, na mimi ndiye sikumpa mistali mitano." Ukapanda basi na mguu wako ule mbovu, Lusajo akikusindikiza, daftari limefungwa kwenye kanga ya mama. Ulitaka kuwaonyesha kwamba mtoto huyu anasoma, ila anasoma hivi. Ulipofika wakakwambia jina langu lilipita tangu juzi yake. Ukafurahi mpaka ukawaachia daftari lenyewe, ukisema litawafaa katika kufundisha walimu. Halafu ukawaapisha hao wawili nisijue kamwe, nisije nikadhani niliingia kwa kuombewa.

Nikakumbuka jinsi kila nilipokuja likizo ulivyokuwa unaandika ubaoni bila kutazama popote, nasi tukikusifu kwa kumbukumbu. Daftari lilikuwa limeshaondoka.

Nililia juu ya zile ndizi, Mwalimu, halafu nikakukasirikia, halafu nikalia tena. Hukuniamini. Ulinifundisha miaka tisa na bado ulishuku kwamba sitapita. Mimi nami nikashuku watu wote isipokuwa wewe, na wewe ndiye uliyelitoa. Naona tabia hii niliichukua kwako pamoja na herufi.

Lusajo nilimkosea mbele ya kwaya, kwa hiyo niliomba radhi mbele ya kwaya, Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Alikuna kichwa akasema, "Hata mimi ningekushuku, ungekuja na kinanda." Wakacheka wote, na besi ndio walicheka zaidi, nadhani walikuwa wanajua kwamba nao walikuwa kwenye orodha yangu. Tangu siku hiyo nafika kila Jumamosi kuwafundisha herufi nusu saa kabla Lusajo hajawasha kinanda. Kundi la WhatsApp bado lipo. Nimeshindwa kuliondoa.

Usifikiri nimepona. Mama Ipyana anasema jina lako lilikuwa kwenye jalada kwa wino mwekundu, tena kwa herufi kubwa. Karatasi ya darasani haikuwa na jina. Labda jalada lilichanika. Labda ile plastiki ya mfuko ililifunika. Labda kuna mtu aliona "wa kale" inapendeza kuliko "wa Asajile wa Masukulu". Sijui, na roho yangu inataka sana kumpata mwenye kosa. Nitauliza. Safari hii nitauliza kabla ya kumwita mtu mwizi.

Lakini kuna mtu mmoja sihitaji kumuuliza chochote. Darasani kwangu, kidato cha kwanza, kuna msichana wa kutoka Suma anayeimba do, le, mi. Wiki ya kwanza nilimsahihisha mara tatu mbele ya wenzake, re, re, re, kwa sauti ya mtu wa chuo kikuu. Wakamcheka, na yeye akaacha kuimba. Nilikuwa bado sijafika kwa Mama Ipyana, sijajua lolote, nikaona nimefanya kazi nzuri. Juzi nilisimama mbele yake, nikalaza kiganja tumboni bila kusema neno. Akaimba. Sauti ilikuwa mahali pake kabisa, chini, safi. Akaimba le, nami nikapandisha kiganja kwenye paji la uso, akaenda la bila kukosea. Nilihitaji kugeukia ubao kidogo.

Jumatatu mhadhiri wetu anakuja kukagua somo langu. Ni yuleyule mama wa miwani. Ukaguzi huu nikianguka sitahitimu na wenzangu, na yeye ndiye anayeandika alama. Nilikuwa nimeandaa wimbo mwepesi wa kwenye kitabu, usio na hatari. Jana nimeuondoa. Nimeweka Wimbo wa Jino.

Naogopa. Nakwambia wazi kwa sababu hutamwambia mtu. Naogopa atadhani namwaibisha mbele ya wanafunzi, naogopa atasema namtetea mzee asiyejua kuandika re. Lakini nakuahidi, Mwalimu, jina lako litaandikwa ubaoni kabla ya herufi yoyote. Nitaeleza zile l mbili, na kiganja, na jino, bila kuona haya. Somo likiisha nitamwambia jibu langu la jaribio halikuwa kweli, na nilijua. Akitaka kuifuta ile vyema, aifute. Halafu nitaliomba daftari, nilirudishe kwenye kanga ya Mama Ipyana, na wao wa chuo nitawanakilia nyimbo zote upya, kila sauti mahali pake, na juu ya kila moja jina la mwenyewe.

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Ndaga fijo, asante sana, kwa herufi, kwa lile basi, hata kwa kunificha. Somo ni saa nne asubuhi. Msichana wa Suma ndiye atakayeanza. Kama huko uliko kuna namna ya kusikia, sikiliza mstari wa kwanza ukifika pale wanaporuka wenzangu. Wimbo utashuka.

Wako wa sauti ya pili,
Tumpe