Dirisha Lililobaki Ndani ya Seva

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa kompyuta amenikabidhi seva ya shule, ile kompyuta inayohifadhi kazi zetu. Mimi! Iko mbali, kwenye kampuni inayotukodishia. Tunaingia humo kupitia kompyuta za maabara. Ndani mna kazi za mradi za darasa zima, na msahihishaji atazichukua Ijumaa. Watu tusiowajua wanakisia nenosiri mchana kutwa — majaribio elfu nne jana! Kazi yangu: nenosiri lisikubaliwe tena, aingie mwenye ufunguo tu. Ufunguo ni faili mbili: moja hukaa kwangu, nyingine kwenye seva. Nikiweza, ataniandikia barua ya kuniombea nafasi chuoni. Mama sijamwambia.

Jumanne, 4 Machi
Ufunguo nimetengeneza. Nimeelewa nusu. Chiriku, jirani yangu wa dawati, ameniuliza kama siku hizi mimi ni bawabu. Ndiyo, bawabu asiye na rungu.

Jumatano, 5 Machi
Saa nane nimezima nenosiri. Nikajaribu amri tatu kwenye dirisha lile lile la kompyuta nililoingilia kwa nenosiri — zote zikaitika! Nikamwandikia mwalimu: tayari. Akajibu yuko safarini, hongera binti yangu.

Chiriku akauliza kama nimejaribu kuingia upya. Ya nini, nami nimo ndani?
“Aliye sebuleni atajuaje kama ufunguo wa mlango unafungua, bibie?”

Nikafungua dirisha la pili. Nimekataliwa. Tena — nimekataliwa!

Sielewi. Ufunguo ni ule ule, nimeulinganisha herufi kwa herufi. Mbona nilipokuwa na nenosiri nilipita? Dirisha la kwanza tu ndilo lililomo ndani. Likifungwa, haingii mtu, hata mwalimu. Na Ijumaa ni keshokutwa.

Naweza kurudisha nenosiri kimyakimya. Nani atajua? Lakini nilishasema tayari.

Dada wa maabara, anayesafisha na kufunga milango, amekuja na kitambaa cha vumbi. Zima mashine, mwanangu, nafunga saa kumi. Chiriku akajitandaza mbele ya swichi: “Dada, ukizima hii tumekwisha, darasa zima!”

Nimempigia mwalimu. Nikasema yote, hata lile la kimyakimya. Nikasikia honi. Akaniuliza dirisha la kwanza liko wazi? Liko. Basi nisirudishe kitu, nisifunge kitu. Seva huandika yenyewe kwa nini imemkataa mtu, tutasoma pamoja. Ashuke kwanza kwenye basi, atapiga.

Saa kumi na dakika tano. Simu haijaita. Dada wa maabara amevuta kiti, amekaa.