Mimba ya Vitambaa vya Meza

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kreti la soda kwenye stoo ya mgahawa ninaofanyia kazi, mlango nimeufunga kwa ndani, na naomba unisaidie upesi kabla sijajifungua, maana watu wote wanasubiri nijifungue na mimi sina mtoto tumboni, nina vitambaa vya meza.

Usinicheke. Au cheka kwanza umalize, halafu endelea kusoma, kwa sababu hata mimi huwa nacheka, nacheka mpaka tumbo linashuka na inabidi nikimbilie chooni kulipandisha.

Mimi ni mhudumu. Nasikiliza oda, nabeba sahani, nafuta meza, natabasamu. Mshahara wangu ni wa kutajwa kwa kunong'ona, ukishalipa kodi ya chumba unabaki unatazama dari, na siku tuliyomwambia Bosi kwamba hautoshi alituangalia kama watu wasio na shukrani akasema, "Mshahara wenu uko mfukoni mwa mteja. Nendeni mkautoe." Basi tukaenda kuutoa, mshauri, kila mtu kwa ufundi wake. Kuna mwenzangu tunamwita Sauti, yeye huimba akileta bili, anaimba vibaya kweli, lakini wateja wanampa bakshishi ili anyamaze. Mwingine amekariri majina ya watoto wa wateja wote na magonjwa yao. Mimi sikuwa na kipaji chochote, nilikuwa na meno tu, nikawa nayaonyesha kuanzia asubuhi mpaka kufunga, nikazoea vibaya, hata msibani kwa baba mdogo nilijikuta nazunguka kwa waombolezaji nimetabasamu, nawauliza kama kila kitu kiko sawa na kama kuna wa kuongezewa chai.

Sasa sikia ilivyoanza. Mchana mmoja mgahawa umejaa, mikono yangu yote ina sahani, na hapohapo natakiwa nipeleke vitambaa safi mezani, nikaona taabu ya nini, nikavisokomeza ndani ya aproni, hapa tumboni, nikatoka navyo. Baba mmoja wa makamo akainuka akanivutia kiti. "Keti kidogo, mama," akasema, "hali hiyo haitaki haraka." Niligeuka nyuma kuangalia anaongea na nani. Alipoondoka nikakuta chini ya kisahani bakshishi ambayo sikuwahi kuiona hata wiki ile Sauti alipoumwa koo na wateja wakafurahi. Nikasema ni bahati tu. Kesho yake nikavisokomeza tena, nione tu, mshauri, nione tu, na bahati ikarudi na wenzake.

Ukishaanza jambo kama hili huwezi kusimama, maana mimba haisimami. Ikabidi niwe naongeza, kitambaa kimoja leo, kingine baadaye, nikaacha vile vya kufutia mikono nikahamia vile vikubwa vya kutandika meza, nikajifunza kutembea mkono kiunoni, nikajifunza kukaa kwa awamu, nikajifunza kuhema. Wateja wakaanza kubishana kuhusu jina la mtoto. Kwenye meza ya dirishani huwa anakaa mama mmoja wa miwani, anakuja peke yake kunywa supu, na huyo aliniletea soksi ndogo za njano alizofuma kwa mkono wake, kila moja inatosha kidole gumba changu. Nilipozishika nikalia machozi ya kweli, naye akalia, nikamfuta kwa kitambaa nilichokitoa, Mungu anisamehe, tumboni.

Habari zikatembea mpaka nyumbani. Mama yangu mzazi akanipigia simu kwa sauti ile ndogo, ambayo mimi naiogopa kuliko ile kubwa. "Kwa hiyo mimi ni bibi," akasema, "na nimeambiwa na muuza mkaa." Nikamwambia mama, si kweli, ni vitambaa, nikamweleza yote. Halafu akauliza, "Mwanangu, lakini unakula?"

Hayo yote ningeyameza. Kinachoninyima usingizi ni Mama Masufuria. Huyu ndiye anayeosha vyombo kule nyuma, ni mkubwa kwetu sote, na hakuna mteja aliyewahi kumwona, kwa hiyo huo mfuko wa mteja tulikotumwa na Bosi haujui hata kama yeye yupo duniani. Tangu niwe mzito amenikataza kunyanyua kreti. Ananyanyua yeye, na mgongo wake akiinuka unausikia. Maziwa ya chai yake ananimiminia mimi, anasema, "Kunywa, binti yangu, huyo hajui kusema ana njaa." Na mimi nakunywa, mshauri. Nasimama pale na vitambaa vyangu nakunywa maziwa ya mama wa watu.

Basi Jumatatu Bosi amekubali kukaa na sisi. Tunataka mshahara wa kueleweka, wa mtu kuishi nao, kwa wa ukumbini na wa jikoni sawasawa, bakshishi iwe nyongeza tu ya mteja akipenda. Na wamenichagua mimi niseme kwa niaba ya wote. Sauti alisimama akasema, "Wewe ukiingia mbele yake na tumbo hilo, atalegea mwenyewe." Wote wakapiga makofi, Mama Masufuria akanyoosha mkono alishike tumbo nikaruka kama nimekanyaga moto, na kila mtu akasema mtoto amecheza.

Nikisema kweli, Bosi atasema si mnaona, hawa ni matapeli, na wenzangu watakosa mshahara kwa sababu yangu. Nisiposema, nitamtoa wapi mtoto? Na kuna jambo jingine naliandika kwa herufi ndogo kabisa. Sina hakika kama nautaka huo mshahara. Tumbo hili linaniingizia zaidi ya tunachokwenda kukiomba, na nikilipwa vizuri wateja watajua, wataacha kuniachia. Yaani nikawasemee wenzangu kitu ambacho mimi kitanipunguzia? Nimekuwa mtu wa namna gani, na Mama Masufuria anagonga mlango saa hii anauliza kama nimeshikwa na uchungu.

Ni mimi,
Mzito wa Vitambaa

*

Wewe Mzito wa Vitambaa,

Nimesoma barua yako ofisini nikacheka mpaka mhariri akaja kuuliza nani amefariki. Sasa nimemaliza. Keti nikuambie. Au hapana, simama, umekalishwa vya kutosha.

Kwanza, pole. Wewe si mwongo wa kuzaliwa. Mwongo wa kuzaliwa angeanza na mapacha. Ulitumwa ukatoe mshahara wako mfukoni mwa watu, ukakuta mlango uko wazi, ukaingia. Hilo nalielewa. Lakini usinifanyie ujanja wa kujificha nyuma ya Bosi, maana Bosi hakukusokomeza kitu. Siku ya kwanza ilikuwa ajali. Siku ya pili ulisokomeza mwenyewe, na mikono yako ilikuwa mitupu.

Wateja nao nawafahamu. Tunapenda kutoa tukiwa tunaonekana. Tukimkuta mjamzito tunatoa, tukimkuta mwimba hovyo tunatoa, na mtu aliyetuletea chakula cha moto kwa wakati wake bila makelele, tunainamia simu kana kwamba chakula kimekuja chenyewe. Halafu huyohuyo tunataka alipe kodi ya chumba kwa huruma yetu, na huruma yetu inategemea tumeamkaje. Bakshishi ni asante, na asante ni kitu kizuri, mimi naipenda na natoa. Lakini mwenye nyumba hapokei asante. Najua wapo watakaoniandikia kwamba bakshishi ndiyo inayomchangamsha mhudumu. Ni kweli. Wewe imekuchangamsha mpaka ukapata mimba.

Sasa ile herufi yako ndogo. Nilivaa miwani nikaisoma. Unauliza kama uombe mshahara utakaokupunguzia. Hebu niambie, vitambaa hivyo vikishazaliwa, utaingia ukumbini na nini? Utachechemea? Utafunga bandeji kichwani? Binti, hiyo si kazi ya mgahawa, ni sarakasi, na kila mwezi utatakiwa uruke juu zaidi. Na hata ukifanikiwa, Mama Masufuria atasokomeza nini, na atamwonyesha nani, kule nyuma kwenye mvuke? Wewe unapata kwa sababu unaonekana. Yeye hapati kwa sababu haonekani, na sahani ni zilezile. Ukishakunywa maziwa ya mtu huyo huwezi kuniuliza mimi kama umsemee.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo, kwa sababu safu hii imetoka Jumamosi na gazeti hili lina tabia ya kufika jikoni kufungia vitunguu. Kuhusu Bosi wako usiwe na hofu, yule anasoma kurasa za mpira tu.

Mwite Mama Masufuria, umfungulie mlango wa stoo. Yeye peke yake, kabla ya mtu mwingine yeyote. Usianze na hadithi ya Bosi wala ya kodi. Toa vitambaa, mpe mkononi, useme, "Mama, nisamehe, nilikuwa nakudanganya na ulikuwa unanibebea." Akinyamaza, nyamaza. Akirusha sufuria, inama. Kisha chukua kreti hilo ulilolikalia ulibebe wewe, na kuanzia leo yote ubebe wewe, mpaka mgongo wake usahau.

Wakifika wenzako waambie wote palepale. Wana haki ya kukuvua usemaji, na wakikuvua ukae nyuma ufunge mdomo, usinune. Wakikuachia, basi sikiliza vizuri. Vitambaa hivyo vifue. Vipige pasi. Jumatatu ingia na aproni iliyolala kama ubao, vikiwa vimekunjwa mikononi, viweke juu ya meza mbele ya Bosi, kimoja kimoja, mpaka viishe. Useme, "Bosi, ulitutuma tukatoe mshahara wetu mfukoni mwa mteja. Nilikwenda. Ilinibidi nivae hivi vyote." Halafu mpishe Mama Masufuria aseme yeye, maana yeye alitumwa kulekule na hakupewa hata mlango. Hapo Bosi hawezi kusema mnamdanganya, kwa sababu uongo wenyewe mmemletea umekunjwa.

Anaweza kukufukuza. Sitakuficha. Ndiyo maana wenzako lazima waujue ukweli kabla yake, ili akikuonyesha mlango, pasiwe na wa kuosha sahani wala wa kuimba bili. Bosi mwenye mgahawa uliojaa na sinki lililojaa huanza kusikia vizuri sana.

Mama yako mpigie simu umwambie unakula.

Wateja nao uwaambie. Wengine watakasirika, wengine watacheka, yule baba wa kiti ataona haya. Mmoja tu ndiye amekupunguzia kazi, yule mama wa miwani wa meza ya dirishani. Huyo alijua siku nyingi. Alijua tangu alipofutwa machozi kwa kitambaa kilichokuwa cha moto, chenye harufu ya sabuni ya mgahawa, na alipofumbua macho akakuta tumbo limehamia kushoto. Ndiyo, mwanangu, ni mimi. Nilijua, nikamaliza supu yangu, nikakuachia bakshishi ileile, na nilipofika nyumbani nikaanza kufuma kofia. Unaona jinsi tunavyopenda kujiona wema? Kwa hilo, mimi na wewe sote tuna la kutubu.

Jumanne nitakuja kunywa supu. Njoo mezani na tumbo lako mwenyewe, uniambie mmepata nini, na usinionyeshe meno kama hujisikii. Nitaacha asante yangu kwenye sinia, uipeleke kule nyuma kwa mwenye sahani. Soksi kaa nazo. Siku Bosi atakapokulipa mshahara wa kulea mtoto, nitakuletea na kofia.